Robota Lililogeuza Kichwa

Singa za mkonge zikishakaushwa na kupigwa brashi hazinuki vibaya hata kidogo. Wanaosema mkonge unanuka wanaisema korona, ile mashine ya kukamua majani, na maji yake ya kijani yanayotiririka mtaroni. Hapo hata mimi niliyezaliwa jirani na mtaro huo nilikuwa napita nimebana pua. Singa kavu ni kitu kingine. Zina harufu ya nyasi za paa, na vumbi la jua, na kwa mbali mafuta ya mashine. Harufu hiyo ilinipata wiki iliyopita sokoni Korogwe, nilipoinama kuchagua kamba ya kumfungia ndama. Nikabaki nimeinama. Muuzaji akadhani nimepatwa na kizunguzungu.

"Mama, kaa hapa kwenye ndoo."

"Si kizunguzungu, mwanangu. Nimekutana na baba yangu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta ndugu wa mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nilimkuta binti yangu wa mwisho, aliyekwenda mbali shuleni kuliko ukoo wetu wote, anapukuchua mahindi huku redio inasema. Mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza habari za ulimwengu, na maneno yake yalinipita. Nikauliza, "Wanasema nini hawa?"

"Maada ya giza, mama. Wanasema vitu vyote tunavyoviona, jua, nyota, mawe, sisi wenyewe, ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa haionekani."

"Haionekani kwa sababu iko gizani?"

"Hapana. Haitoi mwanga wala haizuii mwanga. Hata ukiimulika, mwanga unapita kama vile hakuna kitu."

"Sasa wamejuaje kwamba ipo?"

Akachukua magunzi akayapanga duara kwenye mkeka. Akaniambia nyota nazo zina makundi yao makubwa sana, na kila kundi linazunguka kama watu wanaocheza ngoma. Za pembeni zinakwenda kasi mno. Wataalamu wakikadiria uzito wa vyote vinavyoonekana ndani ya kundi, hautoshi kuzishika. Zilipaswa ziwe zimekwisha kutawanyika zamani. Lakini hazijatawanyika. "Kwa hiyo mle ndani kuna uzito mwingine, mwingi kuliko huu tunaouona. Ndio unaozishika pamoja. Tena wanasema hapo mwanzo ndio uliovuta ile hewa ikajikusanya, nyota zikapatikana. Bila huo tusingekuwepo."

"Na huo uzito ni wa kitu gani?"

"Hawajui."

"Wanajua kipo ila hawajui ni nini."

"Ndiyo, mama."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo kazi mimi niliifanya nikiwa darasa la tatu."

"Mama naye!"

Basi kwa kuwa mwanangu mwenyewe hakuniamini, naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kuandika naweza, na ninyi mliokulia makambini kama mimi mtanielewa.

Baba yangu aliitwa Petro, alitoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge. Mama yangu alikuwa Mzigua wa upande wa Kang'ata. Baba alikwenda kanisani, mama alifunga Ramadhani, na sisi watoto tulikula sikukuu zote. Shamba letu sitalitaja jina. Wakati huo lilikuwa limeshachukuliwa na serikali, Wazungu wameondoka, na tuliambiwa kila siku kwamba sasa mali ni yetu sote. Baba aliliamini neno hilo. Alikuwa fundi wa presi, mashine inayokandamiza singa ziwe robota. Kila fundi wa presi alikuwa na chapa yake, namba ya presi yake inayopigwa kwa rangi nyeusi ubavuni mwa robota, na pembeni karani anaandika tarehe. Namba ya baba ilikuwa saba. Ilikuwa namba ya kwanza kuijua maishani mwangu, nikaijua kabla ya moja.

Nyapara mkuu wa ghala aliitwa Salehe Mdoe. Nalitaja jina lake makusudi. Karani aliyeandika tarehe aliitwa Gervas, naye namtaja. Mtu akiniambia mambo hayo ni ya zamani tuyaache, namuuliza yeye siku hiyo alikuwa amesimama upande gani.

Ikafika wakati wa kuhamisha watu kuingia vijiji vya ujamaa. Shamba likaombwa litoe nguvu kazi kwenda Kang'ata kusaidia kujenga, na Mdoe akachagua majina. La baba lilikuwa la kwanza. Kambi nzima tulitoka kulisindikiza lile lori, baba kasimama nyuma na shoka lake, anatupungia. Alikaa huko wiki mbili. Hakuambiwa kwamba moja ya nyumba zitakazovunjwa ni ya bibi yangu mzaa mama. Alipofika alimkuta mkwewe amekaa juani juu ya jiwe lake la kusagia, hataki kuliacha, na paa limekwisha kutiwa kiberiti. Baba alilibeba lile jiwe begani mpaka kijiji kipya. Hicho ndicho alichotueleza. Mengine hakueleza.

Katika wiki hizo mbili mambo mawili yalitokea kambini. La kwanza, babu Lazaro alitoweka. Huyu alikuwa jirani yetu, mzee wa kwao baba, mnene, mwenye pumzi nzito, aliyekuwa akinitengenezea wanasesere wa singa na kuwasuka nywele. Asubuhi moja mlango wake ulikuwa na kufuli. Wakubwa hawakushangaa. Sisi watoto tulijua mara moja.

"Mumiani," alisema Asha wa brashi, tuliyemwita hivyo kwa sababu mama yake alifanya kazi ya brashi. "Wamemnyonya damu."

"Na mwili wameupeleka wapi?"

"Wewe unadhani meli inabeba nini kwenda Ulaya? Marobota! Wanamtia katikati, wanakandamiza, basi. Nani atamwona?"

"Presi ni ya baba yangu."

"Baba yako yuko Kang'ata. Anayekandamiza sasa hivi ni nani?"

Ni kweli, aliyekandamiza wakati huo alikuwa Mdoe mwenyewe. Alisema hakuna fundi mwingine, akafanya yeye, akawatoa wasaidizi nje mpaka awaite. Na alipiga chapa saba, kwa kuwa presi ile ilikuwa ya saba.

La pili nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa nikimpelekea uji mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mpakiaji. Wapakiaji walikuwa wakiyateremsha marobota kutoka ghalani kwenye mbao mbili zilizolala mteremko, mpaka kwenye behewa dogo la reli ya shamba. Robota huteleza likiwa limenyooka, kama mtu anayeshuka ngazi kwa heshima. Siku hiyo moja likafika katikati ya mbao likageuza kichwa. Likaenda upande, likamkosa mjomba mguu, likaanguka chini.

"Hili limelewa!" wakacheka.

"Labda halitaki kwenda Tanga."

Wakalinyanyua, wakalipandisha, wakaliachia tena. Likageuza kichwa tena, upande uleule. La tatu baada ya hilo likafanya vilevile. Mmoja akasema mbao zimepinda, wakazigeuza. Marobota mengine yakashuka vizuri, lile lililolewa likageuka upande uleule. Mjomba hakucheka tena. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mkono wa mtu, tuite mganga azifukize mbao.

Mimi nilisimama na kikombe cha uji mkononi. Robota lilipita mizani bila shida, karani alisema uzito ni sawasawa. Kwa nje lilikuwa kama wenzake, jeupe, limefungwa, lina saba. Lakini lilikwenda kama kitu chenye tumbo upande mmoja. Kuna kitu mle ndani, nikasema moyoni, kizito kuliko singa, na hakikukaa katikati. Nilijua kabisa ni nini. Ni babu Lazaro, na upande ule ulioelemea ni tumbo lake.

Ninyi chekeni. Mimi sikulala vizuri siku tatu.

Baba aliporudi, hata viatu hajavua, nikamwambia, "Baba, kwenye marobota yako kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Babu Lazaro."

"Lazaro aliniaga kabla sijaondoka, kaenda Kigoma kwa treni, mama yake mgonjwa. Nani kakudanganya?"

Nilipaswa kutulia hapo, maana habari njema nilikuwa nimeipata. Lakini nikashikilia. "Basi kama si yeye, kuna kitu. Linageuza kichwa, baba. Upande uleule, hata mbao zikigeuzwa."

Hapo akanitazama vizuri. "Hata mbao zikigeuzwa?"

"Ndiyo."

Akavaa viatu. Tulikwenda ghalani wote wawili. Ilikuwa mchana wa mapumziko, hakuna mtu. Baba alisimama mbele ya robota lenye saba yake, akalisukuma kwa bega upande mmoja, kisha upande wa pili. Akalisukuma jingine, na jingine. Kisha akachutama mbele yangu.

"Umemwambia nani?"

Nilikuwa nimemwambia Asha, na Asha alikuwa na mdomo wa ng'ombe anayecheua, haufungi. Kambi nzima ilikuwa inajua kwamba marobota ya Petro yana mtu ndani. Baba akashika kichwa. Wakati huo sikuelewa kwa nini, nikadhani amenikasirikia. Yeye alikuwa ameshaelewa: chapa ni yake. Chochote kitakachotoka mle ndani kitatoka na jina lake. Miaka ile neno lililotumika lilikuwa hujuma, na mtu wa hujuma hakufukuzwa kazi tu. Alichukuliwa na polisi, na watoto wake walitolewa kwenye nyumba ya kambi siku hiyohiyo na vyombo vyao.

Haikufika kesho yake. Alasiri ileile uvumi ulikuwa umemfikia meneja, na siku hiyo alikuwa na mgeni, mkaguzi aliyetoka Tanga. Wakaja ghalani, na kambi nzima nyuma yao. Kina mama wengine walikuwa wamejifunga khanga kiunoni tayari kwa kilio. Mdoe alisema hakuna haja ya kufungua, haya ni maneno ya watoto. Mkaguzi akasema, "Fungueni."

Wakakata kamba kwa panga. Singa zikafura kama mkate, tabaka kwa tabaka, nyeupe, nzuri. Kisha panga likalia, kengee! Upande mmoja, ndani ya gunia kuukuu, mlikuwa na kipande cha reli na mawe mawili ya mtoni.

Nilishukuru Mungu. Nilipiga kelele, "Siyo babu Lazaro!" Watu wengine wakacheka kwa kutua mzigo. Kisha kicheko kikakatika, nikaona macho yote yamehamia kwa baba.

"Namba saba," alisema Mdoe. Sauti yake ilikuwa ya huzuni, kama mtu aliyefiwa. "Petro, ndugu yangu. Mali ya umma hii! Unatoa singa, unaweka chuma ili mizani isiseme kitu. Singa umepeleka wapi?"

Baba alivua kofia akamwambia mkaguzi, "Mzee, naomba bomba."

"Bomba la nini?"

"Bomba la maji, lile kuukuu pale nje. Na mkaa."

Wakaleta. Baba akalaza lile bomba sakafuni. Akachukua robota jingine lenye saba, akalipima urefu kwa kamba, akaikunja kamba katikati na kutia alama ya mkaa kwenye ubavu. Akawaomba wapakiaji walilaze robota juu ya bomba, bomba liwe chini ya ile alama. Robota likayumba kidogo, likakaa. Kama mizani ya sokoni.

"Hili ndani ni singa tupu," akasema. "Kata kamba uone."

Wakakata. Singa tupu.

Wakaleta jingine. Walipoliachia tu likainama kichwa, puu! sakafuni. Baba akasema, "Hili lina kitu upande huu. Sijui ni reli, sijui ni jiwe. Ila kipo." Wakakata. Jiwe.

Mnaelewa sasa kwa nini nilicheka mbele ya redio? Baba yangu hakuwa amekanyaga darasa lolote. Alikaa mbele ya kitu asichoweza kukiona, ambacho mizani imekipitisha na karani amekipitisha, akakifanya kijitaje chenyewe kwa namna kinavyovuta. Na hakudai kujua asichokijua. Mimi niliita Lazaro. Yeye aliita kitu. Hawa wa redio nao wameita giza, na naona wamefanya vizuri.

Baada ya marobota kama kumi hivi baba akamgeukia mkaguzi. "Sasa, mzee, wewe unajua kusoma, mimi sijui. Tusomee tarehe. Yaliyoinama peke yake, yaliyokaa peke yake."

Mkaguzi akasoma. Yaliyokaa yalikuwa ya kabla. Yaliyoinama yote yalikuwa ya zile wiki mbili. Mama yake Asha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akasema, "Wiki hizo Petro si alikuwa Kang'ata? Si tulimsindikiza wote? Au mwenzetu alikuwa anakandamiza kwa simu?"

Watu wakalipuka. "Aliyekandamiza ni Mdoe!" "Alitutoa nje!" "Mlango wa presi uko upande mmoja, ukiwa na haraka utasokomeza papo hapo mlangoni!" Mdoe akasema presi ni ya wote, akasema yeye ni mwanachama, akasema atawaonyesha. Gervas alikuwa anatazama kalamu yake. Singa zilizotolewa yeye na Mdoe walikuwa wakizipitisha nyuma ya korona kwa mkokoteni kwenda kuziuza, hilo lilijulikana baadaye, na tarehe aliziandika yeye akijua.

Mkaguzi akauliza, "Nani wa kwanza aliyeona marobota yanakwenda kombo?" Wapakiaji wakatazamana. Baba akanishika mkono akanivuta mbele za watu, mimi na gauni langu la shule lililochanika kwapa.

"Huyu."

"Huyu mtoto?"

"Huyu. Binti yangu."

Halafu akaweka kiganja changu juu ya robota lililokuwa bado limelala juu ya bomba, limekaa sawa. "Sukuma." Nikasukuma kwa vidole tu, na kitu kile, kizito kuliko wanaume watatu, kikainama. Nikaachia, kikarudi. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi tena, na sijaona upungufu.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Salehe Mdoe hakwenda polisi. Alihamishiwa shamba jingine, na huko akapewa cheo kikubwa zaidi, akazeeka na pikipiki ya ofisi. Gervas alibaki na kalamu yake. Baba alirudi presi, lakini walipoanza kupunguza watu mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza, kama alivyokuwa wa kwanza kwenye lori. Shule yangu iliishia hapo. Shamba lenyewe nalo likafa, na nilipopita miaka ya karibuni mbuzi walikuwa wanalala ndani ya ghala.

Lakini yote hayo yalikuwa hayajatokea siku ya tatu baada ya bomba, walipobandika tangazo ukutani ofisini. Mama alikuwa ameshafunga vyombo vyetu kwenye shuka tangu alasiri ile, na alikataa kuvifungua mpaka asikie kwa masikio yake kwamba karatasi imemsafisha mume wake. Tulikula kwa sufuria moja siku tatu. Kwa hiyo baba akavaa shati la kanisani, tukaenda yeye, mama na mimi, nikawasomee.

Watu walikuwa wengi mbele ya ule ukuta. Wakatupisha. Tangazo lilikuwa fupi, limepigwa chapa na Gervas. Lilisema uongozi wa shamba umegundua dosari katika marobota kadhaa na umechukua hatua. Lilisema wafanyakazi wawe waangalifu na mali ya umma. Basi. Hakuna Petro. Hakuna Mdoe. Mtu akilisoma kesho angeweza kudhani dosari ni ya mwenye namba saba.

"Wameandika nini?" aliuliza baba.

Nilitazama ile karatasi. Nilitazama lile shati. Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza kama mwalimu alivyotufundisha, nikasoma kwa sauti, taratibu, nikikisogeza kidole:

"Petro wa presi namba saba hana kosa. Ni fundi mwaminifu. Mwizi ni Salehe Mdoe. Aliyegundua ni binti Petro, darasa la tatu."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wanaojua kusoma. Mpimaji wa mizani ya ghala alikuwepo, na mwalimu wangu, na Gervas mwenyewe dirishani. Hakuna aliyekohoa. Baba akakunja mikono nyuma, akaniambia, "Rudia, mama asikie vizuri."

Nikarudia. Mwalimu akasogea karibu, akatazama karatasi, akatazama kidole changu, akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee Petro."

Mama akageuka kwenda nyumbani kufungua vyombo.